Mashine ya kuhesabu chachu iletwe Bagamoyo, tumechoka kumwaga juisi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako, mi msindikaji mdogo wa huku Bagamoyo, nachukua mananasi Kiwangwa natengeneza siki, na kabla wasomaji hawajanirukia najua juisi lazima igeuzwe kileo kwanza na chachu, vile vijidudu vinavyokula sukari, ndo iwe siki, hilo nishamalizana na majirani zangu zamani.

Mwaka huu nilichachusha madumu 10 ya lita 20. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne ukungu mweupe juu na harufu ambayo hata sijui niiseme vipi. Maneno yakaanza, mara mananasi yamepigwa dawa, mara maji ya bomba, mwingine akasema ni jicho hilo. Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi maabara akaja na hadubini na kile kioo chenye vyumba wanachohesabia chembe za damu, akachanganya tone la chachu yangu na rangi inayoitwa methilini bluu akaniambia shangazi hebu chungulia. Nikaona viduara vidogo vidogo, vichache vyeupe vingine vyote bluu. Chembe iliyo hai inaimaliza ile rangi ikabaki nyeupe, iliyokufa inabaki nayo. Kumbe mashapo ya mzigo uliopita niliyoyatunza kwenye chupa ya plastiki juu ya kabati wiki 3 kwa joto letu hili, eti nisinunue hamira mpya, yalikuwa maiti na mi nikayatia kwenye juisi!

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Kijana alihesabu mara 3 akapata namba 3 tofauti, macho yanamtoka machozi, maana kuna sheria zake, chembe ikigusa mstari wa juu au wa kushoto unaihesabu, ya chini na kulia unaiacha, na kwa vile chachu inazaa kwa kuchipuza kitoto ubavuni, kitoto kikiwa hakijafika nusu ya mama yake hakihesabiwi, halafu zikishikana mafungu ndo basi tena. Na ile bluu yenyewe akasema wafu wakishakuwa wengi inapendelea, inakuonyesha wazima wengi kuliko waliopo. Akaniambia viwanda vikubwa vya bia vinatumia mashine, unadondosha sampo kwenye kislaidi, kamera inapiga picha, programu inahesabu yenyewe, dakika moja umepata jumla na asilimia ya walio hai. Zipo zinazotumia rangi mbili za kung'aa, moja inaingia kwenye chembe zote ikawaka kijani, nyingine, propidiamu, inaingia tu kwenye chembe iliyokufa ikatoboka ngozi ikawaka nyekundu, na kwa sisi wa nanasi hiyo ndo ya maana sana manake juisi yetu imejaa nyuzinyuzi, kamera ya kawaida inaweza kuhesabu uchafu ikasema ni chachu.

Wenye bia wana kipimo chao, chembe hai kama milioni 1 kwa kila mililita kwa kila asilimia 1 ya sukari, kwa hiyo juisi yenye sukari asilimia 12 inataka kama milioni 12 kwa kila mililita. Mi nilikuwa napima kwa kikombe cha chai! Na ukihesabu kila siku unaona mapema, sukari bado ipo ila wazima wanapungua, siku ya 2 unaongeza chachu badala ya kumwaga siku ya 7.

Semina tumeitwa nyingi, tumepewa mashine za kukamulia, tumefundishwa lebo, kuhesabu chachu hakuna aliyegusa. Sisemi kila mtu anunue, bei yake hatuiwezi, nasema iwekwe moja ya pamoja hapa hapa tuwe tunalipia kila sampo. Wapo watakaosema pelekeni Dar, mbona si mbali. Jamani chachu haiachi kuchacha sababu iko njiani, ikikaa kwenye chupa ndani ya daladala juani na foleni ile, mkifika mnahesabu kitu kingine kabisa sio kile kilichopo kwenye dumu langu.

Msindikaji,
Magomeni, Bagamoyo