Mkokoteni nauelewa, swali la kapi linanishinda

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 21, nasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi katika chuo kimoja hapa Dodoma. Septemba nina sapu, yaani mtihani wa marudio, ya mekanika na sijui nianzie wapi. Nikiikosa, somo nitalibeba mpaka mwakani, na kaka yangu anayenisomesha hajui lolote.

Somo lenyewe lina sehemu mbili. Tulianza na statiki, habari za vitu vilivyotulia: boriti, ngazi iliyoegemea ukuta, kenchi za paa. Baadaye ikaja dainamiki, vitu vikiwa kwenye mwendo. Testi ya statiki nilipata 14 kati ya 20. Ya dainamiki nikapata 4.

Statiki naona niliijua kabla sijafika chuo. Kaka anauza maji kwa mkokoteni huku Nkuhungu, na tangu nikiwa sekondari likizo zangu zote zimeishia kwenye ule mkokoteni. Ukipakia madumu kumi ya lita 20 una kilo 200 juu ya ekseli moja. Kaka hana kipimo. Anapakia, anashika mpini, anaunyanyua kidogo, kisha anarudi kusogeza dumu moja au mawili kwa kiganja, mpaka mpini ukae mikononi kama hauna kitu. Siku tuliyofundishwa momenti, yaani nguvu inavyozungusha kitu kulingana na umbali wake, usiku wake nilichukua daftari nikaupigia hesabu mkokoteni wetu. Kilo 200 ni nyutoni 1962. Kitovu cha mzigo kikisogea sentimita 15 tu kutoka kwenye ekseli kuja upande wa msukumaji, na mpini uko mita moja na nusu kutoka kwenye ekseli, mikono inabeba nyutoni 196.2. Huo ni uzito wa dumu zima la maji, unaubeba njia yote kutoka bombani hadi kwa mteja. Niliitazama ile namba muda mrefu. Kaka aliishia darasa la saba, na jambo hilo analijua kwa mikono miaka yote.

Kilichonishinda ni mwendo. Kwenye testi ya pili tulipewa kamba iliyopita juu ya kapi, upande mmoja inaning'iniza kilo 6, upande wa pili kilo 4. Inaachiwa, tafuta mchapuko, yaani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde, na mvutano wa kamba. Nikaandika mvutano ni nyutoni 58.86, uzito wa ule mzigo mkubwa, kwa sababu kwenye statiki kitu kikining'inia, kamba hubeba uzito wake, basi. Karatasi ilirudi na mstari mwekundu umekatiza hesabu yote, bila neno. Mwenzangu mmoja ndiye aliyekuja kunionyesha kwamba mvutano ni nyutoni 47.09 na mchapuko ni mita 1.96 kwa sekunde kila sekunde. Mzigo wa kilo 6 unashuka huku ukiongeza kasi, kwa hiyo kamba inauvuta kwa nguvu pungufu ya uzito wake. Ule wa kilo 4 unapanda, kwa hiyo kamba inauvuta kwa nguvu iliyozidi uzito wake. Kila mzigo unachorewa mchoro wake peke yake, na kila mmoja unaandikiwa mlinganyo wake.

Nikishaonyeshwa hivyo naelewa kabisa, hata mtu mwingine naweza kumweleza. Ila nikipewa swali jipya na karatasi tupu, kalamu haiendi. Juzi nimejaribu swali la mzigo wa kilo 20 kwenye mteremko wa nyuzi 30. Nikaandika kwamba uso wa mteremko unausukuma mzigo, kwa pembe mraba, kwa nyutoni 196.2, uzito wake wote, wakati ni kama 170 tu. Lilikuwa kosa lile lile la kapi: nimebeba jibu la kitu kilichotulia kwenye sakafu iliyo sawa nikalipeleka mahali pasipo pake. Na Kiingereza nacho kinanichelewesha. Swali likisema kitu kinaanza kutoka kwenye utulivu, hapo umeshapewa kasi ya mwanzo, ni sifuri. Mimi napita juu ya maneno hayo, halafu nalalamika kwamba swali limenyima namba.

Wenzangu wengi wanakariri. Kwenye kundi letu la WhatsApp madesa yanapita kila siku, pamoja na pepa za miaka iliyopita zikiwa na majibu. Rafiki yangu wa karibu ananiambia, "Wewe meza tu, maswali yanajirudia." Yeye amefaulu, siwezi kumbishia. Nilimeza wiki mbili kabla ya testi ile ya kapi, na matokeo nimekueleza. Tena sitaki kupita kwa njia hiyo. Kijijini kwa mama, wilayani Bahi, kifuku kikikolea korongo hujaa, watu wakakaa ng'ambo kutwa wakingoja maji yapungue, wagonjwa wakiwemo. Nilichagua ujenzi kwa ajili ya korongo lile. Mtu atakayejenga daraja pale lazima ajue maji yanayokwenda yanalisukuma vipi, siyo uzito wa zege peke yake.

Kumwona mhadhiri ni kazi, tuko wengi mno darasani. Yupo kijana wa mwaka wa tatu anayefundisha kwa malipo, lakini bumu, fedha ya mkopo wa chuo, likishalipa chumba na chakula halibaki kitu.

Halafu kuna kaka. Alikuwa anaweka akiba anunue guta, aachane na kusukuma kwa mikono. Fedha ile ndiyo iliyofidia ada yangu mwaka huu. Kila jioni akirudi anauliza, "Vipi mdogo wangu, shule?" Namjibu inaenda vizuri. Jana aliniuliza akiwa anafunga kandambili yake kwa waya, nikashindwa kumtazama.

Naomba ushauri wako, na kama wapo wahandisi au walimu wanaokusoma, nao wanisaidie. Swali jipya mtu analianzaje? Nifanye maswali mengi kwa haraka, au nichukue machache nikae nayo hadi nijue kwa nini kila kani, yaani kila nguvu, iko pale? Nirudi kwanza kwenye hesabu za kidato cha tano na cha sita, au muda hautoshi? Na kaka, nimwambie sasa hivi kuhusu hii sapu, au ningoje matokeo yake ndipo nimweleze yote?

Ni mimi mwanafunzi,
Nkuhungu, Dodoma