Uji wa watoto: kikao ni Jumamosi, siyo tena Jumapili

Kamwene wazazi wenzangu. Kikao kimesogezwa: Jumamosi saa 9 alasiri, nyumbani kwa mwenyekiti wa darasa, hapa hapa Kihesa.

Juzi saa nne nilipita darasa la awali. Kuna mtoto kalaza kichwa kwenye dawati, penseli mkononi, haandiki. Mwalimu akasema hajala tangu jana mchana. Na huku ndiko mahindi yanakotoka! Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30.

Mchango wa muhula, mwisho Ijumaa:
1. Mahindi kilo 10 na karanga kilo 1, au Sh 12,000 kwa mhazini.
2. Kuni, mzigo mmoja. Wenye pikipiki msijifiche.

Tutasaga dona, siyo sembe. Najua wapo watakaonuna.

Aliyekwama anifuate inboksi, jina lake halitatajwa hapa.

Andika NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi usiku. Dole gumba sihesabu.