Mikrismasi yetu isikatwe mwezi wa tisa

Mhariri naomba nafasi kidogo, nina jambo la miti ya maua hapa Mwanza, najua kuna mambo makubwa zaidi ila na hili lisemwe.

Kuna bustani moja ya wazi hapa mjini, siitaji jina, kila ikifika mwezi wa tisa wanaingia vijana na mapanga na mashine ya kukatia miti, wanaishusha ile mikrismasi, hii miti ya maua mekundu, mpaka vinabaki visiki virefu. Ukiwauliza wanasema imekauka. Jamani haijakauka! Asili yake Madagaska, kwenye misitu yenye kiangazi kirefu, kwahiyo jua likizidi unapukutisha majani unabaki mtupu, halafu vuli ikikaribia, mwezi wa kumi kwenda mbele, unawaka mwekundu mpaka Krismasi yenyewe. Na maua yanatokea huku nchani kwenye matawi, sasa ukishakata ncha zote mwezi wa tisa unategemea yatoke wapi? Jakaranda nayo hivohivo, inaanza kutoa maua ya zambarau hata majani bado, ukiifyeka inarudisha machipukizi yaliyosimama wima kama chelewa na maua ya msimu huo sahau.

Hoja yao moja naielewa. Matawi ya mkrismasi yanavunjika kirahisi na upepo wa ziwani mvua zikianza sio wa kuchezea, na pale chini watu wanapumzika, jumamosi ndo usiseme, maharusi wanapanga foleni ya picha. Basi toeni yaliyokufa na yaliyopasuka tu, mengine subirini maua yaishe, Januari Februari hivi, masika ikiingia mti unachipua wenyewe.

Halafu bogonvilia, hii ndo inanichekesha, wanaimwagilia na mpira kila jioni alafu wanashangaa imejaa majani matupu. Bogonvilia inataka jua kali na udongo uliokauka kidogo, ndo maana mwezi wa saba na wa nane, mvua hamna, zile zilizojishikiza kwenye mawe huku Capri Point zinakuwa na rangi hatari. Tena ile rangi sio ua, ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Hayo maji si bora wamwagie nyasi.

Mwaka huu mashine bado haijaingia bustanini, kwahiyo wahusika mkisoma hii barua mwambieni huyo mkandarasi mapema, kabla hajalipwa.

Msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza