Chai ya Boston haikuwa ghali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nisahihishe jambo moja kuhusu mapinduzi ya Marekani, ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi na bado nalisikia likielezwa kinyume: kwamba walowezi wa Boston walimwaga chai baharini kwa sababu Waingereza walikuwa wameipandisha bei. Sivyo. Sheria ya Chai ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, kupeleka chai yake Marekani bila kubeba ushuru uliokuwa ukitozwa Uingereza, ikawa rahisi kuliko hata ile ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi. Kilichobaki ni ushuru wa peni tatu kwa kila ratili, kiasi kidogo mno, lakini ulitozwa na Bunge lililoketi ng'ambo ya Atlantiki, ambamo makoloni yale 13 hayakuwa na mbunge hata mmoja. Kuinunua ilikuwa ni kukiri kwamba Bunge hilo lina haki ya kuwatoza, na ndiyo maana usiku wa Desemba 16, 1773, makasha 342 yalipasuliwa na kumwagwa bandarini.

Ugomvi wenyewe ulianza mapema zaidi. Vita vya Miaka Saba, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza ilibaki na deni zito, ikaona walowezi iliowalinda nao wachangie. Ndipo ikaja Sheria ya Stempu ya 1765, iliyotaka hati za mahakama, leseni, karata na hata magazeti yalipiwe stempu. Wewe uliye mhariri utalielewa hili upesi: gazeti moja la Philadelphia lilitoka Oktoba mwaka huo likiwa na ukurasa wa mbele uliozungushiwa mistari mizito myeusi kama jiwe la kaburi, na fuvu juu yake, likiwaaga wasomaji. Sheria ilifutwa 1766, lakini siku ile ile ikapitishwa nyingine, iliyotamka kuwa Bunge lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote.

Kuna jambo ambalo sisi tuliotawaliwa na Waingereza tungepaswa kulitazama kwa makini zaidi, nalo ni ardhi. Mwaka huo huo wa 1763 Mfalme George III aliwakataza walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia, akaitenga nchi ile kwa wenyeji. Walowezi, ambao tangu kuanzishwa kwa makazi ya Waingereza ya Jamestown mwaka 1607 walikuwa wakisogeza mipaka, waliona wamedhulumiwa. Kwa hiyo Azimio la Uhuru la Julai 4, 1776, pamoja na maneno yake mazuri juu ya usawa wa binadamu, linamlaumu Mfalme kwa kuweka masharti magumu ya kugawa ardhi mpya, na linawaita wenyeji washenzi wasio na huruma. Vifungu hivyo viwili sikuwahi kuviona katika daftari la mwanafunzi yeyote. Naomba mtakapoandika tena juu ya mapinduzi hayo mvichapishe kikamilifu, pamoja na ramani ya mpaka wa 1763.

Wako katika kusoma,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro