Barua kwa Masika kuhusu konokono wa chemchemi

Kampala

Mpendwa dada Masika,

Nakusalimu wewe na jamaa wote wa Kasese. Picha ya konokono uliowakuta chini ya mawe ya chemchemi imenifikia, na swali lako, kama hawa ni spishi ambayo bado haijapewa jina, ni swali zuri, lakini picha peke yake haiwezi kulijibu.

Konokono wa chemchemi ni wadogo mno, wengi wakiwa na urefu wa milimita chache tu, na magamba yao hayana nakshi ya kumsaidia mtu kuwatofautisha. Waliochunguzwa sana ni wa magharibi mwa Marekani, ambako Robert Hershler wa Taasisi ya Smithsonian alieleza spishi mpya 58 za jenasi moja (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Pyrgulopsis, katika chapisho moja la mwaka 1998 kuhusu eneo kame la Great Basin. Wingi huo unatokana na maisha yao: hupumua kwa matamvua, hawawezi kutembea nchi kavu, na chemchemi iliyozungukwa na jangwa inakuwa kwao kama kisiwa, hivyo kila kundi hubadilika kivyake kwa muda mrefu hadi likawa spishi inayopatikana pale tu. Sisi tulio chini ya Rwenzori, ambako vijito vinaungana kila bonde, tusikimbilie kudhani kwamba kila chemchemi ina konokono wake.

Anza na kifuniko, kile kibamba ambacho konokono hufungia mlango akijikunja ndani. Wasipokuwa nacho, huenda umekuta watoto wa Bulinus au Biomphalaria, na hapo tafadhali vaa glavu, kwa kuwa hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Kikiwa kigumu chenye chokaa, fikiria Gabbiella, konokono wadogo wanaojulikana katika maziwa na mito yetu. Kikiwa chembamba, laini kama ukucha, kama kile cha konokono wa chemchemi, usifurahi mapema, maana hata watoto wa Melanoides, konokono wa jenasi nyingine ambao majike huwazaa wakiwa hai bila kuhitaji dume, wana kifuniko cha namna hiyo, ingawa gamba lao ni refu lenye ncha.

Ukishamaliza hayo, gamba halitakupeleka mbali. Katika Pyrgulopsis, wataalamu hutegemea sana umbo la uume wa dume na mpangilio wa tezi zilizo juu yake, jambo ambalo huwezi kuliona katika gamba tupu lililookotwa ufukweni. Siku hizi huongeza uchunguzi wa vinasaba, ambao mara nyingine huonyesha kwamba magamba yanayofanana yamefunika spishi kadhaa, na mara nyingine kwamba magamba tofauti ni ya spishi ile ile. Kwa hiyo wanahitajika wakiwa hai: baadhi walegezwe kwanza kwa chembe za mentholi ili wasijikunje, kisha wote wahifadhiwe katika alkoholi, ile kali ya asilimia 95 ikiwa ni kwa ajili ya vinasaba. Chukua wachache tu, na andika kijiji, tarehe na mahali penyewe. Chupa isiyo na maandishi haina faida kwa mtu yeyote.

Jina lenyewe huja mwisho. Lazima mtu alinganishe na vielelezo vya zamani, vikiwemo vile alivyovieleza Mdenmaki Mandahl-Barth mwaka 1954 katika kazi yake kuhusu konokono wa Uganda, kisha achague kielelezo kimoja kitakachobeba jina daima, akiweke katika makumbusho, na achapishe maelezo. Hata kukusanya kwa utafiti kunahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, nami niko tayari kukusaidia kukiomba.

Umesema kamati ya kijiji inataka kuijengea chemchemi kwa saruji na bomba. Sitawazuia, watu wanahitaji maji safi. Lakini mawe yale ya mwanzo wa maji ndiyo makao ya konokono hao, basi waombe waache sehemu ndogo ikitiririka wazi, angalau hadi tufike kuwachunguza. Huko Idaho, jimbo la Marekani, kuna konokono wa chemchemi za moto za Bruneau aliyewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1993, na kilichompunguzia maji ni uvutaji wa maji ya ardhini kwa ajili ya mashamba.

Niandikie kama chemchemi yenu hukauka Januari na Februari, maana konokono wa chemchemi wenye matamvua kwa kawaida hawavumilii kukauka, na jibu hilo litaniambia kama nipande basi la kuja huko mapema au nisubiri mvua.

Rafiki yako,
Baluku