Spesa za Magurudumu: Kuchagua Unene Unaofaa na Kuzifunga Sawasawa

Spesa ni bamba la duara, kwa kawaida la alumini, linalowekwa kati ya habu, yaani kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu, na rimu ili kulisukuma gurudumu kuelekea nje. Wateja wetu wengi wanapoiulizia, swali lao la kwanza huwa ni unene: wanahofu kwamba milimita 30 ni nyingi mno, na wanaamini kwamba milimita 5 haziwezi kudhuru kitu. Katika karakana yetu tunaona mambo yakienda kinyume. Spesa nene iliyotengenezwa vizuri huja na bolti zake na shingo yake ya kulishikilia gurudumu katikati, ilhali spesa nyembamba huazima bolti na shingo za gari lenyewe, na kila milimita inayolisogeza gurudumu nje inakatwa kwenye nyuzi za bolti ambazo nati ilikuwa inazishika.

Sababu za kweli za kuitaka spesa ni chache. Ya kwanza ni rimu inayokaa ndani mno, hata tairi likakaribia kugusa shokamzoba au mkono wa juu wa sasipensheni. Ya pili ni breki kubwa zaidi ya zile za kiwandani, ambayo kalipa yake, yaani kifaa kinachoibana diski, inagusa mikono ya rimu. Ya tatu ni mwonekano: mwenye gari anapenda magurudumu yalingane na ukingo wa madigadi badala ya kujificha chini yake. Hatuidharau sababu hii ya tatu, kwa maana hata Porsche imewahi kuuza spesa kama nyongeza ya hiari kwa magari yake. Tunachoomba ni kwamba mteja aitambue kuwa ni ya mwonekano, asije akauziwa hadithi kwamba gari lake litapinda kona kama gari la mashindano. Na yule ambaye bado hajanunua rimu mpya hahitaji spesa hata kidogo. Anahitaji rimu yenye vipimo sahihi.

Vipimo vinavyotangulia unene

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaoegemea habu, nayo huandikwa upande wa nyuma wa rimu kwa herufi ET na tarakimu. Spesa hupunguza tarakimu hiyo: rimu ya ET45 ikiwekewa spesa ya milimita 15 hukaa kama rimu ya ET30. Upana wa rimu nao una neno katika hesabu hii, na wengi huusahau. Mtu akibadilisha rimu ya inchi 7 akaweka ya inchi 8 yenye ET ileile, gurudumu limekwisha kupanuka kwa milimita 12.7 upande wa ndani na 12.7 upande wa nje, hivyo akiongeza spesa ya milimita 10 kwa ajili ya kuokoa upande wa ndani, ukingo wa nje unakuwa umetoka kwa milimita 22.7, na hapo ndipo madigadi huanza kulikwaruza tairi.

Kipimo kinachofuata ni mpangilio wa bolti. Maandishi 5x114.3 yana maana ya bolti tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, mpangilio unaotumika katika magari mengi ya Toyota, Honda na Nissan, wakati Volkswagen, Audi na Mercedes-Benz hutumia sana 5x112. Tofauti hiyo ya milimita 2.3 haionekani kwa macho, na ubaya wake ni kwamba wakati mwingine rimu huingia na nati hukazika, huku bolti zikiwa zimepindishwa kidogo na nati zikiwa hazijakaa sawasawa kwenye vitako vyake. Habu ya bolti nne au sita hupimwa kirahisi, kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoikabili. Kwenye habu ya bolti tano hakuna inayokabiliana na mwenzake, kwa hiyo tunapima umbali kati ya bolti mbili jirani na kuuzidisha kwa 1.701. Umbali wa milimita 67.2 unatoa 114.3, na wa milimita 65.8 unatoa 112. Kwa kuwa kinachozitenganisha ni milimita 1.4 tu, kazi hii hufanywa kwa vernia, kipimio kinachosoma sehemu ndogo za milimita, si kwa futikamba.

Kisha kuna tundu la katikati. Magari mengi hulishikilia gurudumu katikati kwa shingo ya habu, yaani lile duara linalotokeza na kuingia ndani ya rimu, wakati nati zinaligandamiza gurudumu dhidi ya habu. Shingo hii ina kipenyo cha milimita 60.1 kwenye Toyota nyingi za 5x114.3, 64.1 kwenye Honda nyingi na 66.1 kwenye Nissan nyingi. Spesa inayouzwa kwamba inaingia kwenye magari yote ina tundu kubwa linalocheza juu ya shingo, na hata ikifungwa kwa uangalifu mkubwa inaweza kukaa pembeni kwa sehemu ndogo ya milimita, kiasi cha kutosha kuutikisa usukani gari linapokimbia. Sisi hatuziuzi.

Spesa nyembamba na hesabu ya nyuzi

Tuchukue habu ambayo shingo yake ina urefu wa milimita 8. Ukivika spesa bapa ya milimita 5, shingo inabaki na milimita 3, na sehemu hiyo ya mwisho mara nyingi imechongwa mshazari ili rimu iingie kwa urahisi. Maana yake ni kwamba rimu haina tena cha kuishikilia katikati isipokuwa nati zenyewe. Kwa sababu hiyo, kuanzia unene huu tunapendelea spesa yenye shingo yake, ingawa shingo hiyo huwa vigumu kuchongwa kwenye bamba jembamba sana, na ndiyo maana ukubwa fulani wa spesa haupatikani kabisa kwa magari fulani.

Suala zito zaidi ni nyuzi. Kanuni tunayoifuata ni kwamba nati ishike nyuzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha bolti. Bolti ya M12x1.5, iliyo ya kawaida kwenye Toyota na Honda, ina kipenyo cha milimita 12, na nyuzi zake zimeachana kwa milimita 1.5, kwa hiyo nati inapaswa kuzunguka mara 8 kamili kabla ya kukaa. Bolti ya M12x1.25, inayotumika sana na Nissan, Subaru na Suzuki, huhitaji takriban mizunguko 10, na ile ya M14x1.5 huhitaji kidogo zaidi ya 9. Mteja anaweza kujipimia mwenyewe kwa mkono: aifungue nati moja, aianze tena kwa vidole, na ahesabu mizunguko tangu inaposhika hadi inapogusa rimu. Tuseme amepata 12 kwenye bolti ya M12x1.5. Spesa ya milimita 5 itakula mizunguko 3.3 na kumbakishia 8.7, jambo linalokubalika. Spesa ya milimita 8 itakula 5.3 na kumbakishia 6.7, na hapo hatufungi mpaka bolti za habu zitolewe na kuwekwa ndefu zaidi. Hakuna mjadala katika hili hata kama nati inaonekana kukaza vizuri, kwa sababu nati iliyoshika nyuzi chache huweza kukazika siku ya kwanza na kuzichuna nyuzi hizo baadaye, gari likiwa na mzigo.

Magari mengi ya Ulaya hayana bolti zinazotokeza kwenye habu. Yana bolti zinazopenya rimu na kujifunga ndani ya habu. Hapo bolti mpya huongezwa urefu kwa kiasi kilekile cha unene wa spesa, bila kuzidisha, kwa kuwa bolti iliyozidi hutokea upande wa pili wa habu na inaweza kugusa viatu vya breki ya mkono au kihisi cha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki. Umbo la kitako cha bolti, yaani sehemu inayoegemea rimu, nalo lifanane na la rimu. Kitako chenye umbo la pia (koni) hakikai kwenye rimu iliyotengenezewa kitako cha mviringo.

Spesa yenye bolti zake

Kuanzia takriban milimita 20 kwenda juu, spesa hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha gurudumu hufungwa kwenye bolti zilizopandikizwa ndani ya spesa. Aina hii inarudisha nyuzi kamili na shingo kamili, lakini ina mtego wake. Ikiwa bolti za habu zinatokeza milimita 28 na spesa ina unene wa 20, ncha za bolti hizo zitachomoza milimita 8 na kulizuia gurudumu lisikae bapa, isipokuwa rimu iwe na mifuko kati ya matundu yake. Rimu nyingi za alumini zina mifuko hiyo. Rimu za chuma mara nyingi hazina. Wapo mafundi wanaozikata bolti ili kulimaliza tatizo. Hatufanyi hivyo, kwa sababu siku spesa zitakapoondolewa gari litabaki na bolti fupi zisizofaa kwa rimu yake ya asili. Ni afadhali kuchukua spesa nene zaidi, au kuiacha kazi.

Kuhusu madini yake, chagua alumini ya daraja la 6061-T6 au 7075 iliyochongwa kwa mashine, na uikatae spesa ya kumiminwa isiyo na alama yoyote ya mtengenezaji. Spesa mbili zisipangwe moja juu ya nyingine, na gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja ziwe na unene uleule.

Kabla ya kuamua unene, gari huegeshwa mahali tambarare, kisha uzi wenye uzito huning'inizwa kutoka ukingo wa madigadi na umbali hadi sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi hupimwa. Upande wa kushoto na wa kulia hupimwa kila mmoja peke yake, maana bodi haikai katikati ya ekseli kikamilifu kwenye kila gari. Nafasi iliyopatikana isitumiwe yote. Sasipensheni ikishuka kwa abiria na mizigo, na usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi hupita mahali ambapo halikuwapo gari lilipokuwa limetulia tupu.

Siku ya kufunga

Adui mkubwa wa kazi hii ni kutu. Uso wa habu na mzizi wa shingo husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na vile vibanio vyembamba vya kiwandani vinavyoshikilia diski ya breki kwenye bolti huondolewa. Spesa huvikwa kwanza bila gurudumu na kuzungushwa kwa mkono ili kuona kama inatikisika, kwani mara nyingine mzizi wa shingo una mkunjo mdogo ambao spesa isiyochongwa vizuri kwa ndani huukalia, ikabaki imeinuka upande mmoja. Mafuta au grisi havipakwi kwenye nyuzi: nyuzi zenye utelezi huifanya bolti ivutwe kupita kiasi kabla spana haijafikia kipimo chake.

Nati hukazwa kwa mpangilio wa nyota, yaani kwa kuruka upande mmoja hadi mwingine badala ya kufuata duara, kwa awamu mbili, na mara ya mwisho hukazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu, gari likiwa limeshushwa chini. Kipimo ni kile cha mtengenezaji wa gari. Kwa Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm (nyutonimita). Spesa yenye bolti zake hukazwa kabla ya kuvikwa gurudumu, mtu mmoja akiwa amekanyaga breki ili habu isizunguke. Bunduki ya upepo inafaa kwa kufungulia.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 gari lirudi kukaguliwa. Kwa spesa yenye bolti zake ni lazima magurudumu yavuliwe ili nati za ndani zifikiwe, na hili ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi, kwa vile mtu hukagua nati za nje, akaziona ziko sawa, akaondoka. Usukani ukianza kutetema kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 110 kwa saa, usikimbilie kubalansi matairi. Vua spesa kwanza uendeshe bila hiyo, na mtetemo ukitoweka, kosa liko kwenye kutu au kwenye tundu la katikati.

Hata spesa iliyofungwa vizuri ina gharama zake. Gurudumu lililosogea nje huiongezea beringi mzigo wa kuipinda, na la mbele huufanya usukani ufuate zaidi makorongo ya barabara, kwa hiyo mwenye kutaka mwonekano tu tunamshauri asizidishe upande wa mbele. Tope na mawe madogo yatarushwa kwenye milango zaidi ya awali. Kampuni ya bima ijulishwe, na sheria za mahali gari linakosajiliwa ziangaliwe: nchini Ujerumani, kwa mfano, spesa huhitaji hati ya kuidhinishwa, na mabadiliko hayo yanaweza kulazimika kukaguliwa na shirika kama TÜV.

Anayetaka tumtafutie spesa atutumie aina ya gari na mwaka wake, upana na ET ya rimu, ukubwa wa tairi, na idadi ya mizunguko ya nati aliyoihesabu. Mwenye gari la bolti ndefu tutamrudishia zile fupi za zamani ndani ya mfuko, nazo zikae kwenye buti pamoja na tairi la akiba, kwa kuwa gurudumu hilo likifungwa bila spesa kwa bolti ndefu linaweza kuharibu breki zilizo nyuma ya habu, au likabaki linacheza ingawa bolti zote zimefika mwisho.