Pimeni landi za reli kabla ya tingatinga

Kwa Mhariri,

Landi ya reli, yaani makazi yaliyojengewa wafanyakazi wa reli, ikibomolewa, iwe Kisumu au Nakuru, mjadala wote huwa wa kiwanja: nani kakigawa, nani atajenga. Nyumba zenyewe haziulizwi. Ilhali malazi duni yalikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyozaa mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, na Chege Kibachia, aliyeibuka kuwa kiongozi wa wafanyakazi waliogoma, alikamatwa Agosti mwaka huo akazuiliwa Kabarnet. Mfanyakazi wa reli aliishi katika nyumba ya mwajiri. Akifutwa kazi, anafungasha virago. Ukubwa wa chumba kile ni ushahidi wa kilichopiganiwa.

Kwa hiyo jengo likichorwa X ya kubomolewa, lipimwe kwanza. Watu wawili, tepu ya mita 30, penseli na karatasi vyatosha. Chagueni pembe moja iwe sifuri, mtandaze tepu ukutani na kusoma kila mlango na dirisha bila kuinua ncha yake. Anayepima kipande kwa kipande hujumlisha makosa madogo madogo, na mwishowe vyumba vya ndani havitoshei ndani ya kuta za nje. Kila chumba kipimwe pia pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukingamana. Vipimo vikitofautiana, basi kuta zimekaa upande na mchoro lazima uonyeshe hivyo. Unene wa ukuta husomwa penye dirisha. Picha zipigwe mkabala na ukuta, simu ikiwa wima, na ufito wenye alama za kila sentimita 10 usimame kando. Msisahau vyoo na mfereji wa pamoja. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali ya kikoloni. Foleni ya maji, walipokutana watu, haikuhitaji.

Wastaafu wenye kadi za chama cha wafanyakazi na risiti za michango tunawasihi wasizipitishe kwenye mashine ya laminesheni, kwani gundi ile haibanduki tena bila kuchana karatasi. Ng'oeni pini zenye kutu, tieni karatasi ndani ya bahasha, mbali na joto la mabati.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006 inamruhusu waziri kulitangaza jengo la kihistoria katika gazeti rasmi la serikali ili lilindwe. Ombi lisilo na vipimo wala picha ni rahisi kulipuuza. Nakala moja ipelekwe Makavazi ya Kisumu, au Hyrax Hill kwa walio Nakuru, na nyingine ibaki kwa wakazi wenyewe.